Kabla Sijatema Maji

Mwadime mwanangu,

Sitakuuliza hali, maana asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukimaliza kimanga chote na kukwangua sufuria. Mtu anayekula hivyo ni mzima. Mimi pia ni mzima, isipokuwa goti langu ambalo unalijua. Umeteremka Mwatate kuchukua barua ya chifu inayosema wewe ni kijana wa tabia njema, na hutarudi mpaka jioni. Nimeona nitumie nafasi hiyo. Nimekaa hapa mlangoni, ubao wa kukatia mboga nimeuweka magotini, kalamu ni ile ya marehemu baba yako, na maharagwe yanachemka jikoni. Ukiona mahali maneno yamekatika, ujue nimekwenda kuongeza maji.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho masista wa misheni walichonifundisha kuandika. Kidawida chetu ni cha kusema, na kwa Kidawida ningekugombeza tu. Kwa Kiswahili inanibidi nifikirie kila neno kabla halijatoka, na wewe unajua kwamba hilo silizoei. Nikimaliza nitaiweka barua sandukuni mwako, chini ya mashati. Utaiona ukifika Nairobi, au hata garini ukitafuta kitu cha kutafuna.

Sitakuambia jinsi ya kuficha pesa kwenye nguo, wala umfuate nani ukitoka stesheni, wala utoe karatasi zako haraka ukisimamishwa na askari, kwa kuwa huko bado watu wanakaguliwa tangu ilipotangazwa hali ya hatari. Hayo yote shangazi yako wa Njukini amekwisha kukuambia, akarudia, akaanza tena, mpaka nikayaonea huruma masikio yako. Mimi nataka kukuandikia juu ya maji ya kesho.

Kesho, kabla hujateremka stesheni ya Bura, utasimama uani na mimi nitajaza maji mdomoni. Huko uendako wenzako darasani watataka kujua watu wa Taita hufanya nini mtu anaposafiri, na najua utaeleza vibaya kwa kuona haya, kwa hiyo nakueleza vizuri hapa. Mtu mzima mwenye haki juu yako, yaani mama, baba au mjomba, hujaza maji mdomoni na kuyatema mbele yake yakawa manyunyu. Kisha husema: kama nilikukasirikia, hasira yangu ndiyo hiyo imetoka, nenda salama, ulale salama, urudi salama. Anajaza tena, anatema tena. Huko ndiko kutasa. Wazee wa zamani walitumia pombe ya miwa. Padre anataka tuombe tu. Sisi tunaomba, halafu tunatema maji, na padre akiwapo hupenda kutazama upande wa mlimani wakati huo.

Kinachotakiwa ni kimoja tu, hasira itoke kweli. Mtu akitema maji huku ameifungia moyoni, amekudanganya, na wewe unaondoka nayo mgongoni bila kujua umebeba nini. Sasa, Jumapili tulipotoka kanisani uliniuliza kama nimekubali uende. Nilikujibu, "Nenda tu, mimi sina neno." Uliniamini, au ulijifanya umeniamini, ukaenda kupiga viatu rangi. Mwadime, nilikuwa nalo. Tena si moja.

La kwanza lilikuwa kazi yenyewe. Yule Mhindi wa kampuni ya bima alipokuja ofisini kwenu, pale kwenye shamba la mkonge, akiwa na mkoba na tai shingoni katika joto lile la Voi, ulirudi nyumbani umekuwa mtu mwingine. Ulinieleza kwamba miaka yote wameuza bima kwa Wazungu na Wahindi, na sasa wanawataka walimu, makarani na watu wa reli, na kwamba hao hawamsikilizi mgeni, wanamtaka mtu wa kwao. Ukienda mafunzo ukapita mtihani wao, utapewa leseni ya uwakala iliyoandikwa jina lako. Ulisema "jina langu" polepole, ukinitazama. Umekuwa karani wa kuandika majina ya wengine tangu umalize shule, na niliona jinsi ulivyolitamani hilo lako.

"Mama, mtu analipa kidogo kidogo akiwa hai," ulisema, "na akifariki, watoto wake wanapata kitu."

"Na asipofariki?"

"Kila mtu hufariki, mama."

"Basi umepata kazi isiyokwisha," nilikuambia. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Mimi sikuwa nachekesha. Nilikuwa nimemkumbuka yule fundi wa majeneza wa Voi, anavyowasalimia wagonjwa kwa uchangamfu uliopita kiasi, na sikutaka mwanangu awe mtu ambaye watu wakimwona njiani wanajipapasa kama bado wako hai.

Halafu ukaenda kwa mjomba wako. Kampuni ilitaka ufike na fomu za watu wachache wa kwenu waliokubali, ili waone kama unasikilizwa, na ukaona uanze na mjomba Mghanga, kaka yangu, ambaye alikulea tangu baba yako alipotutoka, akakusomesha kwa kabichi zake, akakufundisha na kunyoa ndevu. Sikulaumu kwa kumchagua. Nakulaumu kwa jinsi ulivyoingia. Mkewe amenieleza yote. Uliwakuta wamezunguka moto, yeye, mkewe na watoto, ukakaa, ukafungua karatasi, ukaanza kusoma maswali kama yalivyopangwa. Baba yako yu hai? Kama amekufa, alikufa kwa ugonjwa gani? Alikuwa na umri gani? Mama je? Ndugu zako je? Na wewe ukifa, apokee nani?

Mzungu huenda akayajibu hayo huku anawasha kiko. Lakini kwetu mtu akikaa mbele ya moto wako, akawataja waliokufa mmoja baada ya mwingine, halafu akafika kwako, utamwelewaje? Na lile la ugonjwa gani ndilo baya kuliko yote. Wewe ulitaka jina la ugonjwa uandike. Kwetu ukisema kifua, watu wanataka kujua hicho kifua kililetwa na hasira ya nani. Ulimuuliza mjomba wako, mbele ya watoto wake, ni nani aliyemuua baba yake. Alisimama, akasema anakwenda kumtazama ng'ombe, na hakurudi mpaka ulipoondoka. Tangu siku hiyo hajakanyaga hapa. Ulipokuja kunieleza, ulisema, "Mama, mimi nilisoma tu yaliyoandikwa." Ndiyo. Hilo ndilo lililokuwa kosa.

Kuna jambo hukulijua, kwa sababu sote tulikuficha. Babu yako alifariki wakati yeye na mjomba wako hawasemeshani. Waligombana juu ya shamba la bondeni, mjomba wako akateremka kufanya kibarua kwenye mkonge, na mzee akashikwa na kifua, akafa bila mwanawe kuja kutasa. Watu walisema. Waliposema mbele yangu, mimi dada yake sikuwakataza.

Kwa hiyo Jumapili nilikuwa na hasira na bima yako, na hasira kwamba umemwaibisha kaka yangu, na chini ya hizo kulikuwa na jingine ambalo nitakuambia mwishoni nikipata nguvu. Na juu ya yote hayo nikaweka kifuniko, nikasema sina neno.

Nimekwenda kuongeza maji. Haya maharagwe ni ya mwaka juzi, hayaivi.

Sasa acha nikueleze nilikojifunza hiyo "sina neno" yangu, maana si mara ya kwanza kunigharimu. Baba yako alipokwenda vitani, hakuniuliza. Aliteremka Voi kuuza viazi na wenzake, akarudi bila viazi, na jina lake limekwisha andikwa jeshini. Wewe ulikuwa mdogo, bado unabebwa. Nilikasirika mpaka nikashindwa kumenya ndizi. Lakini nilikuwa nimefundishwa kwamba mke mwema hampeleki mume safari kwa maneno. Asubuhi yake nilijaza maji, nikatema, nikasema sina neno, nenda salama. Yalikuwa machungu mdomoni kama nimetafuna mwarobaini.

Usidhani nakupa hadithi ya laana. Alirudi. Alirudi mzima, na kofia, na tabia ya kunywa chai bila maziwa ambayo sikuizoea kamwe. Hasira yangu haikumdhuru huko Burma. Ilitudhuru hapa. Tangu siku ile baba yako hakuniambia tena jambo kubwa kabla hajaliamua. Alipata kazi ya reli, nikaisikia kwa jirani. Aliuza mbuzi, nikamtafuta mbuzi. Siku moja nilimuuliza kwa nini ananifanya mgeni, akanijibu kwa upole, maana hakuwa mtu wa kelele: "Nikikuuliza utasema huna neno, halafu nitakaa na hilo neno wiki nzima sijui ni lipi." Nilinuna kwa kujibiwa hivyo. Wiki nzima.

Kisha akaugua. Unakumbuka kitanda kilivyowekwa upande wa dirisha ili aone barabara ya kwenda stesheni. Alikuwa amekonda lakini akili yake ilikuwa timamu kabisa. Alasiri moja, nyumba imetulia, aliniambia, "Mama Mwadime, mimi nikiondoka, ningependa..."

Sikumwacha amalize. Nilisema, "Usiseme hivyo, utapona," nikasimama haraka nikamletea uji. Akanywa. Alikuwa mtu wa adabu, hata mgonjwa. Siku nyingine alianza tena, "Ningependa..." na mimi nikainyoosha shuka yake iliyokuwa imenyooka, nikamweleza habari za mahindi, nikamweleza habari za mvua, nikamweleza jirani aliyegombana na nani, mpaka akafumba macho. Nilidhani nakifukuza kifo. Kwetu tumelelewa hivyo, anayekitaja amekiita. Hakuanza mara ya tatu.

Tulipomzika, kaka zake walikaa hapa uani, wakaniuliza, na waliniuliza vizuri, sitawasingizia. Alisema nini? Alitaka mtoto aendelee na shule, au aje kwetu achunge? Alitaka wewe ubaki hapa? Shamba la kule mtoni alisema apewe nani? Mimi niliyekuwa chumbani siku zote hizo, niliyemlisha na kumgeuza, sikuwa na la kuwajibu. Walitazamana. Basi mambo yakapangwa na watu ambao hawakuwa chumbani. Shamba la mtoni likaenda kwa baba yako mkubwa, na wewe ungepelekwa kuchunga kama mjomba wako hangekuja kukuchukua.

Labda ndivyo marehemu alivyotaka. Sijui. Na ninacholilia mpaka leo si lile shamba, mchanga mtupu wala mboga haukubali vizuri. Ninalia kwa sababu sijui alitaka kusema nini. Nimejaribu kuimaliza ile sentensi yake kwa njia nyingi nikiwa napalilia. Ningependa mtoto asome. Ningependa uolewe tena. Ningependa unizike karibu na mama. Ningependa unisamehe. Kila ninayoimaliza ina sauti yangu, haina yake. Alikuwa ananipa kitu mkononi na mimi nikamjazia huo mkono bakuli la uji.

Sasa utaelewa kwa nini, baada ya kukasirika vya kutosha, nilianza wiki hii kuifikiria kazi yako upya. Nilikuwa nachuma kunde, na ikanijia kwamba yule Mhindi mwenye tai, kwa ujeuri wake wote, anatembea katika joto kuwauliza watu lile swali ambalo mimi nililikimbia ndani ya nyumba yangu. Ukiondoka, ungependa nini? Kama kazi ni hiyo, si kazi ya kuonewa aibu. Ila sidhani kama wao wenyewe wanaijua. Watakufundisha fomu, watakufundisha hesabu, watakupa mtihani, na kwa kuwa una kichwa cha baba yako utaupita, na leseni watakupa. Hawatakufundisha jinsi ya kumjua mtu anayetaka kusema na mtu anayetafuta ng'ombe wa kwenda kumtazama. Hilo sidhani kama wana karatasi yake.

Mimi ningeenda hivi, na unisamehe kwa kujifanya wakala bila leseni. Mzee wa Bura ukimuuliza nani apokee baada yake, atakuonyesha mlango. Muulize ile miche mipya ya kahawa ameipanda kwa ajili ya nani, na atakaa nawe mpaka chai ipoe. Atakutajia mtoto anayempenda, na yule anayemhofia, na mkwe anayemla, na utakuwa umejibiwa kabla hujafungua mkoba. Mpate peke yake, mbali na moto na watoto. Usisome. Na akianza kusema akanyamaza katikati, nyamaza naye. Utaona vibaya, utatamani kusema chochote, kikohozi kitakushika. Vumilia. Usimletee uji.

Nimeacha kuandika hapo kwa muda mrefu, na si kwa sababu ya maharagwe. Mjomba wako amekuja.

Nilimwona akiteremka njia ya juu na kabichi moja kwapani, akitembea kama mtu aliyetumwa na mtu mwingine. Alifika, akaiweka mlangoni karibu na karatasi hizi.

"Nimekuletea kabichi," akasema.

"Moja?"

"Nyingine bado hazijafunga."

Unajua mwenyewe bustani yangu ina kabichi kuliko yake. Nilimshukuru, nikampa kigoda na chai. Akakizungusha kikombe mkononi. "Kijana ameshaondoka?"

"Kesho. Ameenda kwa chifu."

"Ile karatasi yake," akasema, "pale palipoulizwa habari za baba, aliandika nini?"

"Hakuandika kitu. Ulikwenda kumtazama ng'ombe."

"Alikuwa ananisumbua yule ng'ombe."

"Mghanga, mkeo ameniambia ng'ombe alikuwa amelala."

Alicheka kidogo kwa pua, kisha akanyamaza. Hapo mdomo wangu ukaanza kuwasha. Nilikuwa na habari ya mahindi tayari, na ya mvua, na ya padre mgeni. Lakini nilikuwa nimetoka kukuandikia wewe maneno ya hapo juu, wino wenyewe haujakauka, nikaona aibu. Nilikaa juu ya mikono yangu, kweli kabisa, niliikalia. Chai yake ikapoa, kuku wakapita mara kadhaa, na mimi sikusema.

"Dada," akasema mwishowe, "tangu mzee afe hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Wanasema nikishapita. Nawe pia. Huyu mtoto wako ndiye wa kwanza kuniuliza mbele ya uso wangu, na mimi mtu mzima nikakimbilia zizini."

Nikazidi kuikalia mikono yangu.

"Nilikuwa nakuja," akasema. "Hilo hamlijui. Niliposikia kifua kimemshika niliacha kazi, nikapanda kwa miguu kutoka Voi. Nilifika Mwatate. Hasira ilikwisha njiani, hata sikumbuki mahali gani, niliona tu haipo, nikawa nafikiri nitamtasia kwa maji ya mtungi au nitafute pombe. Halafu pale Mwatate nikaona haya. Nikasema nilale kwa rafiki, niingie asubuhi kama mtu, nisiingie gizani kama mwizi. Asubuhi nikakutana na watu wanateremka, wakanipa habari. Nikageuka."

"Kwa nini hukuniambia? Ningekuamini."

"Ungeniambia huna neno."

Mwadime, hayo maneno niliyasikia mara ya kwanza kwa baba yako, na leo nimeyasikia kwa kaka yangu, na hawa wawili hawakuwahi kupanga. Nililia. Nililia kwa sauti, na mjomba wako akatazama mlima kama padre. Nilipoweza kusema nilimwambia, "Nilikuwa nalo. Miaka yote nimedhani wewe ndiye uliyemuua baba."

"Najua," akasema. "Ulikuwa unanipa chai yenye sukari nyingi."

Basi tukatoka uani, sisi wawili na nywele zetu za mvi, nikachota maji kwenye pipa, akajaza mdomo, nikajaza mdomo, tukatasiana. Niliitaja hasira yangu kwa jina lake na mwaka wake. Yeye akaitaja yake, ambayo sikujua anayo, na ilikuwa ya haki. Kuku mmoja alilowa akatukimbia akilalamika. Maji hayakuwa machungu.

Kabla ya kuondoka aliniachia ujumbe wako, nakuandikia kama alivyousema. "Mwambie kununua sinunui, hilo alijue mapema asije akavaa tai bure. Lakini aje kwangu jioni hii na karatasi yake, akae nami kule kwenye kabichi, peke yetu. Nitamwambia mzee alikufa kwa kifua, kilimshika majira ya ukungu. Aandike hivyo. Na nikimaliza nitamwambia mengine yasiyo na mahali pa kuandikwa." Na akasema kesho atakuwa hapa mapema, naye ajaze maji.

Kwa hiyo ukirudi kutoka Mwatate nitakuambia mlangoni usivue viatu, uende kwake kwanza. Maharagwe yameungua chini. Utayala hivyo hivyo.

Nimebadili shauri juu ya barua hii. Haiendi sandukuni. Nilikuwa nataka uisome ukiwa mbali, ambako huwezi kunijibu wala kuniona uso, na hiyo ni "sina neno" nyingine iliyovikwa mashati. Naiweka chini ya sahani yako. Ukitoka kwa mjomba utaikuta, utaisoma, na mimi nitakuwa hapo hapo jikoni nikijifanya nakwangua sufuria.

Na lile lililokuwa chini ya mengine ni hili. Sitaki uende. Bima sina ugomvi nayo tena. Mjomba wako amekwisha kusema. Nairobi siiogopi kuliko inavyostahili. Ni kwamba wewe ndiye mtu niliyebaki naye katika nyumba hii, na nimezoea kukusikia ukikohoa asubuhi kabla hujaamka, na sitaki kuamka kusikokuwa na hicho kikohozi. Nitakusindikiza mpaka stesheni. Nitakufungia viazi. Ukipata leseni nitaionyesha kwa watu wote wa mlima huu, hata wasiojua kusoma. Lakini sitaki uende, na ulistahili kuambiwa hilo Jumapili, uliponiuliza.

Ukirudi na hiyo leseni yenye jina lako, mtu wa kwanza kumwendea ni mimi. Nipate peke yangu. Anza na miche ya kahawa, ukitaka. Niulize mimi nikiondoka ningependa nini, halafu nyamaza. Ninayo sentensi, nimeanza kuitayarisha, na hii nataka niimalize mwenyewe.

Kesho asubuhi usishangae nikijaza maji mara moja tu, nikayatema, nikasimama kimya. Utakuwa umekwisha soma haya. Hakutakuwa na kitu kingine kilichobaki mdomoni.

Mimi niliyekuzaa na kukugombeza,
Mama yako, Wakesho